Mwenzangu wa Maandishi ya Chini

Wageni walipokuja nyumbani, mama alikuwa akinitambulisha hivi: "Na huyu ndiye yule wa kompyuta." Alisema hivyo kwa sauti ile ambayo watu humzungumzia mtoto mwenye kifafa, kwa upendo na kwa kukata tamaa pamoja. Wageni walinitazama, wakatikisa vichwa, wakaendelea na chai.

Hakukosea. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sijaolewa, naishi na mama yangu Norsborg, pembeni mwa Stockholm, na chumbani kwangu kulikuwa na rafu nzima ya vinyago vya plastiki vya mashujaa wa katuni za Kijapani. Niliwafuta vumbi kila Jumamosi. Nilijua kila mmoja alizaliwa katika hadithi ipi na alikufa vipi, na kama alifufuka nilijua alifufuliwa na nani. Binamu zangu wenye watoto walijua tarehe za chanjo. Mimi nilijua hayo.

Mapenzi hayo yalinianza kambini, Kigoma, tulipokuwa wakimbizi kutoka Kongo. Kulikuwa na banda la video lililoezekwa kwa maturubai, na ndani yake alikaa mtu mwenye kipaza sauti, akitafsiri filamu za Kichina na za Kihindi papo hapo zikiendelea. Hakujua Kichina wala Kihindi. Alikuwa akibuni tu. Jambazi wa Hong Kong alilalamikia mgao wa unga wa mahindi, na bibi harusi wa Bombay alimtukana mama mkwe wake kwa Kiswahili cha sokoni. Watu walicheka mpaka wakalia. Mama alinitoa mle kwa kunivuta sikio mara nyingi, lakini nilirudi. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu anaweza kukaa katika vumbi la kambi na wakati huohuo akawa mahali pengine kabisa, na kwamba mlango wa kuingilia huko ni maneno.

Tulipoletwa Sweden nilikuwa msichana mrefu, mkimya, nisiyejua la kufanya na mikono yangu. Shuleni sikupata rafiki. Nilipata kompyuta ya maktaba. Baadaye nilisomea mambo ya programu, nikaajiriwa Kista, upande wa pili wa jiji, katika ofisi inayotengeneza programu za simu. Kazi yangu ni kuzijaribu kabla hazijatolewa kwa watu: nabonyeza pasipobonyezwa, naandika upuuzi panapotakiwa jina, mpaka programu ianguke, kisha naripoti imeangukia wapi. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye shaka na kila kitu.

Kila asubuhi nilipanda treni ya laini nyekundu kutoka Norsborg, nikabadilisha katikati ya jiji, nikashuka Kista. Ni safari ndefu, na ndani yake ndipo nilipoishi. Nilikuwa nimeanzisha kundi mtandaoni la wapenzi wa katuni wanaozungumza Kiswahili. Mwanzoni tulikuwa wachache. Kisha wakaja watu wa Nairobi, wa Mwanza, wa Kampala, wa Lubumbashi, na waliotawanyika Ulaya kama mimi. Tuligombana sana. Tuligombania nani ana nguvu kuliko nani, nani hakustahili kufa. Katuni iliyotukusanya zaidi ilikuwa moja kuhusu meli inayosafiri kati ya nyota, ikibeba mbegu kutoka dunia iliyoungua. Nahodha wake ni mwanamke asiyecheka kamwe.

Niliamua kuitafsiri. Niliandika maandishi ya chini kwa Kiswahili, yale yanayopita chini ya picha wakati watu wanazungumza, nikayaweka kwenye kundi. Watu walishukuru. Kisha ukaja ujumbe wa mgeni, mtu ambaye picha yake ilikuwa uso wa nahodha yuleyule.

"Nani alitafsiri hii? Nahodha anaongea kama tangazo ya serikali."

Nilikasirika siku nzima. Jioni nilimwandikia kwamba kama anaweza zaidi, basi afanye. Akafanya. Alichukua dakika chache za mwanzo akaziandika upya. Mahali nilipoandika "Tafadhali tulieni, tuko hatarini," yeye aliandika "Nyamazeni! Kifo iko mlangoni." Nilisoma nikacheka peke yangu ndani ya treni, na bwana aliyekaa mbele yangu akainua macho kisha akayashusha haraka, kama desturi ya watu wa hapa.

Ndivyo tulivyoanza. Alikuwa msichana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na tangu siku ya kwanza aliniita yaya, dada mkubwa. Alifanya kazi katika kibanda cha kuchapa na kufotokopi mtaa wa Kadutu, karibu na soko. Aliwachapia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, ratiba za mazishi. Kazi ikipungua na umeme ukiwepo, alitafsiri. Nilimtumia Kiingereza, naye alinirudishia Kiswahili kilicho hai, nami nilikipanga kiendane na midomo ya wasemaji. Nilisahihisha "ile meli iko inakuja" kuwa "meli ile inakuja," naye alinirudishia na kunikatalia.

"Yaya," alisema katika ujumbe wa sauti, na nyuma yake jenereta ilinguruma, "weye ulisoma Kiswahili ya Tanzania. Huyu fundi wa meli ni mutu wa mikono michafu. Mutu kama huyo hawezi kuongea kama pasta."

"Sasa watu wa Mwanza wataelewa?"

"Wataelewa. Wao si wajinga."

Tulibishana wiki nzima kuhusu meli yenyewe. Watanzania walitaka "chombo cha anga." Wakenya walitaka neno la Kiingereza. Yeye alisema, "Ni meli. Andika meli. Watu wanaona nyota dirishani, wanajua hawako ziwani." Tukaandika meli.

Sikuwahi kuuona uso wake. Mtandao wao ulikuwa dhaifu mno kwa video, na kila nilipomwomba picha alinitumia nahodha akiwa amenuna. Hata jina lake nilijua lile la mtandaoni tu, ambalo alilibuni mwenyewe. Halikunisumbua. Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo la kuchekesha. Nilijua anaogopa radi, kwa sababu radi ilipopiga alikata ujumbe katikati. Kuna watu niliokaa nao meza moja Kista kwa miaka ambao siwajui kiasi hicho.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua, palikuwa na mkusanyiko wa wapenzi wa katuni katika ukumbi mmoja kusini mwa jiji, ambako watu huja wamevaa kama wahusika wanaowapenda. Katika kundi letu tulikuwa wawili tu wa Stockholm: mimi na mama mmoja Mkenya wa Hagsätra, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Tulikubaliana kwenda. Mwenzangu wa Bukavu ndiye aliyetupangia mavazi kutoka mbali. Alitaka koti la nahodha lishonwe kwa kitenge. "Kitenge ya bluu, yenye ndege," alisema. "Na kola isimame. Kola ikilala, weye ni kondakta tu."

Nilishona kwa cherehani ya mama alipokuwa kanisani. Siku yenyewe nilipanda treni Norsborg nikiwa na koti refu la ndege, buti nyeusi na upanga wa ubao kiunoni. Wasweden walifanya wanavyofanya: waliona wakajifanya hawajaona. Lakini katika behewa hilohilo aliketi mama mmoja wa kanisa letu, Mkongo mwenzetu, na yeye hakujifanya. Alinitazama kutoka buti mpaka kola, akaguna, akafumba macho kama anayeomba.

Ukumbini nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Wasichana wa Kisweden wenye nywele za zambarau walinisimamisha tupige picha. Yule Mkenya alivaa ovaroli ya fundi wa meli, amejipaka masizi usoni, na kila aliyepita alimpigia saluti. Tulituma picha Bukavu. Jibu lilikuwa sauti ya mtu anayepiga kelele ndani ya kibanda, na wateja wake wakiuliza kuna nini. "Nahodha mweusi!" alikuwa akiwaambia. "Angalieni! Huyu ni yaya yangu!"

Habari ilifika kwa mama kabla yangu. Niliporudi alikuwa ameketi sebuleni, mikono mapajani.

"Ulivaa nini ndani ya treni?"

"Koti, mama."

"Koti la nani?"

"La nahodha."

"Nahodha wa nini?"

"Wa meli."

"Meli gani iko Norsborg?"

Aliniambia kwamba kina mama wa kanisa wanauliza kama nimeingia mambo ya giza. Alisema hakunivusha mipaka yote ile ili nije nicheze na vinyago. Hakupiga kelele. Alisema tu, kisha akaenda kulala mapema, na kwa siku kadhaa tulipikiana na kula pamoja bila maneno mengi. Niliposimulia Bukavu, mwenzangu alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mama, ile koti ni ya kazi," alisema. Sikumwambia.

Kisha vita vikakaribia mji wa Bukavu.

Ajabu ya siku zile ni kwamba nyumba yetu ilikuwa na simu mbili zinazosikiliza mji mmoja. Mama alikaa jikoni na simu yake, akipokea jumbe za sauti za shangazi, wajomba, watu wa kanisa, wote wakisema kwa haraka nani ameondoka, nani amebaki, barabara ipi imefungwa. Mimi nilikaa chumbani na yangu. Mama alizaliwa Bukavu, anakijua kila kilima cha pale. Lakini hakujua kwamba na mimi nina mtu huko, kwa sababu kwake watu wangu wote walikuwa wa kuchorwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuwa akikatakata sombe, majani ya mihogo. Aliniona nimesimama mlangoni na simu sikioni, nikirudia ujumbe uleule.

"Huyo unayemsikiliza kila siku yuko wapi?" aliuliza.

"Bukavu."

"Bukavu wapi?"

"Kadutu. Karibu na soko."

Aliweka kisu chini. "Ni mtu? Si ile katuni?"

"Ni mtu, mama. Msichana. Tunafanya kazi pamoja."

Alifuta mikono kwa khanga, akavuta kiti, akaniambia nikae. "Niwekee nimsikie."

Nilimwekea. Sauti ya mwenzangu ilijaa jikoni: "Yaya, tuko. Watu wanakimbia, wengine wanarudi, hatujui nani ana haki. Bosi amefunga kibanda lakini ameniachia ufunguo. Niko natafsiri sehemu ya mwisho. Umeme ikirudi nitakutumia. Usiogope."

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Ni mtoto wa kwetu kabisa," alisema. Kisha akauliza, "Jina lake nani?"

Nilimtajia lile la mtandaoni. Akaniangalia.

"Hilo si jina. Nakuuliza jina."

"Silijui."

"Unampenda mtu na jina lake hulijui?"

Ujumbe ule wa jikoni ulikuwa wa mwisho. Siku chache baadaye tulisikia kwamba askari wameuacha mji na wengine wako njiani kuingia, na kwamba katikati hapo mji haukuwa na mwenyewe. Watu walivamia maghala. Wafungwa walitoka jela. Niliandika, sikujibiwa. Nilituma sauti, haikufika. Nilikwenda Kista, nikakaa mbele ya kompyuta, nikabonyeza vitu visivyobonyezwa, nikaripoti. Wenzangu walizungumzia likizo ya kuteleza kwenye theluji.

Na kundi liliendelea. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba liliendelea. Watu wa kwetu huko ndani walijua. Waliandika poleni, waliomba. Lakini wengi walikuwa wapya, hawakujua nani anaandika maneno wanayoyasoma. Mmoja aliuliza: "Sehemu ya mwisho inatoka lini? Tumesubiri sana jamani." Mwingine akaweka kikaragosi cha mifupa iliyokaa kwenye benchi ikisubiri. Watu wakacheka. Nilikuwa na uwezo wa kuwafuta wote. Niliweka simu mfukoni mwa koti, nikatembea nje ya ofisi mpaka vidole vikafa ganzi.

Alasiri moja nilikuwa nakula kwenye lile jengo kubwa la maduka Kista, mahali pa chakula, watu wamejaa na sinia zao. Nilifungua kundi bila kutarajia kitu. Pembeni ya uso wa nahodha palikuwa na kitone cha kijani. Yuko mtandaoni.

Nilisimama. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu watu waligeuka. Niliandika: "Mdogo wangu! Uko salama?"

Jibu likaja: "Salama."

Hapo hapo nikaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: YUKO HAI. Simu ikaanza kutetemeka bila kukoma. Nairobi, Mwanza, Lubumbashi, wote wakashangilia. Yule Mkenya wa Hagsätra alinipigia akiwa kazini, kwenye ngazi za nyumba ya mzee mmoja, akilia. "Mungu ni mkubwa," alisema. "Mungu ni mkubwa, dadangu."

Nikarudi kwa mwenzangu. "Familia iko wapi?"

"Iko."

"Mko Kadutu bado?"

"Ndiyo."

Huyu msichana hajawahi kunijibu kwa neno moja tangu nimjue. Hata kuniambia usiku mwema alihitaji sentensi tano. Nikaandika: "Meli yetu inabeba nini?"

Akaandika: "Meli gani? Mimi hii simu nimeipata kwa mtu. Weye uko Ulaya? Nisaidie basi."

Nilimuuliza ni mtu gani, ameipata wapi. Alisema sokoni. Nilimwambia mwenye simu ni ndugu yangu, kama anajua chochote aniambie. Alituma picha ya mkono unaopunga, kisha kitone kikazimika. Mezani chakula changu kilikuwa kimepoa. Mama mmoja mfanya usafi aliyekuwa akikusanya sinia aliniuliza kwa Kisweden kama nimemaliza, nikamwambia ndiyo.

Ilinibidi niandike tena kwenye kundi. Niliandika kwamba si yeye, ni mtu mwingine mwenye simu yake, na kwamba naomba radhi. Shangwe zilikuwa bado zinaingia kutoka kwa waliochelewa kusoma. Zilipita juu ya maneno yangu, mioyo na fataki, kwa muda mrefu. Kisha, kwa sababu mgeni yule angeweza kusoma yote tuliyosema, nilifanya anachotakiwa kufanya mwenye kundi. Nilibonyeza jina la mwenzangu, nikachagua "ondoa." Programu iliuliza kama nina hakika.

Jioni nilimweleza mama. Hakunilaumu kwa lolote. Alichukua simu yake, akavaa miwani, akaanza kutuma sauti. Nilimsikia kutoka chumbani, anazungumza Kiswahili chake cha zamani, kile ambacho Tanzania ilikuwa imekilainisha: "Tunatafuta mtoto mwanamke wa kazi ya fotokopi, Kadutu, chini ya soko. Bosi wake alifunga kibanda akamuachia ufunguo. Aliwahi kupiga kelele mule ndani juu ya picha ya mwanamke mwenye koti ya kitenge. Mwenye kumjua aseme." Alituma kwa shangazi, shangazi akatuma kwa mtu wa kwaya, mtu wa kwaya akatuma kwa jirani. Mimi nilikuwa nimetafuta kwa njia zote ninazozijua, na njia zangu zote zilihitaji jina. Kina mama hawa walihitaji mtaa na tabia ya mtu.

Habari ilikuja kwenye simu ya mama. Aliniita jikoni, akaniambia nikae kwanza. Akaniwekea sauti ya mwanamke nisiyemjua, imechoka:

"Ule mtoto tunamjua. Pole sana, mama. Siku ile ya kuvamia maghala alikuwa anapandisha maji kwenye ngazi za mtaa. Risasi hatujui ilitoka wapi. Hakukaa hata saa. Walimzika haraka, watu wachache, sababu ya hali. Dada yake na mama yao walivuka, wako Burundi."

Baada ya sauti ilikuja picha. Mtu aliipiga kutoka kwenye karatasi ya mazishi, ya kuchapwa vibaya, wino unafifia, na chini yake jina lake la kweli, nalisoma kwa mara ya kwanza. Msichana mwenye uso wa mviringo, meno ya mbele yameachana, nywele zimesukwa kuelekea juu. Anacheka. Nilikuwa nimemfikiria mwembamba. Nilikaa nikimtazama, nikijaribu kuiweka ile sauti ndani ya uso huu, na havikukaa pamoja. Mpaka leo havijakaa.

Kesho yake nilimwomba meneja wangu ruhusa. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Alifunga mlango, akaniuliza kwa upole, "Mlikuwa ndugu?" Nikasema hapana. "Rafiki wa utotoni?" Hapana. "Mlifahamiana vipi?" Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu meli na mbegu na nahodha, nikasikia jinsi itakavyosikika kwa Kisweden, nikaufunga. Alisema pole, akaniambia ninaweza kufanyia kazi nyumbani mpaka mwisho wa wiki.

Nilipofika Norsborg nilikuta viti vya sebuleni vimesukumwa ukutani. Mama alikuwa amevuta godoro chini na kutandika mkeka pembeni, kama inavyofanywa kwenye kilio cha mtu wa nyumba. Televisheni ameifunika kitenge. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Umefiwa," alisema. "Unataka ukalie wapi, kwenye treni?"

Kina mama wa kanisa walikuja, Wakongo na Warundi, na yule wa behewani akiwa miongoni mwao. Waliketi chini. Yule Mkenya alifika kutoka Hagsätra na binti yake mdogo, aliyekaa mlangoni na viatu vyake, akamuuliza mama yake kwa Kisweden ni nani amekufa. Ndipo mama mmoja, Mrundi, akauliza swali hilohilo kwa adabu: "Marehemu alikuwa nani kwenu?"

Mama ndiye aliyejibu.

"Mwenzake wa kazi," alisema. "Walikuwa wanaandika pamoja."

"Oo," wakasema kina mama. "Pole sana. Mwenzako wa kazi." Wakaimba. Niliwasikiliza nikajua kwamba hawakumlilia yeye, kila mmoja alimlilia mtu wake aliyebaki kule, na haikuwa kitu. Mama wa behewani alinishika mkono muda wote, kwa nguvu, bila kunitazama. Hakuwahi kulitaja lile koti, siku ile wala baadaye.

Kwenye kundi waliweka picha za nahodha akiwa amevua kofia. Mamia ya picha. Kijana wa Kampala alichora msichana akiwa amekaa kwenye usukani wa meli, mgongo tu unaonekana, kwa kuwa hakuna aliyeujua uso. Mimi nilikuwa nao kwenye simu, lakini sikuuonyesha. Haukuwa wangu kuutoa. Katikati ya rambirambi mtu aliandika, "Kwa hiyo ya mwisho haitoki tena?" Watu walimshambulia kwa matusi mpaka akakimbia. Kesho yake nilifikiri: pengine ni mtoto. Pengine na yeye yuko mahali anapotaka kutoka.

Sehemu ya mwisho sikuitafsiri. Alikuwa ameifanyia kazi kwenye kompyuta ya kibanda, na kibanda kiliporwa chote, mpaka mlango. Nilijaribu kuandika mwenyewe. Kila sentensi niliyoandika nilimsikia akiikataa, na sikujua angeweka nini badala yake. Wengine wakaitafsiri kwa mashine, ikasambaa hivyo. Baadaye nilikabidhi kundi kwa watu wa Mwanza. Bado nimo, lakini nasoma tu.

Mwezi wa tano dada wa mwenzangu alinipigia kutoka Burundi. Namba yangu alipewa na shangazi yangu, kwa kupitia kwaya. Alikuwa na sauti nzito, haifanani kabisa na ya mdogo wake. Alitaka kujua mimi ni nani hasa.

"Tulisikia kuna watu wa mbali wanamlilia," alisema. "Mama anauliza ni watu gani. Sisi tulijua anafanya fotokopi."

Ilikuwa mchana, jua la Stockholm limejaa dirishani, lile la majira ya kuchipua ambalo haliheshimu huzuni ya mtu. Nilimsimulia yote. Nilimwambia kuhusu meli, kuhusu mabishano, kuhusu koti. Nilimwambia kwamba watu wa nchi tano walisoma maneno ya mdogo wake wakacheka mahali alipotaka wacheke.

"Hakutuambia," alisema. "Alikuwa anacheka na simu, tunamgombeza. Tunamwambia, olewa, acha simu." Kisha akauliza, "Sauti yake unayo?"

"Ninayo. Nyingi."

"Tutumie moja. Mama hana kitu chake. Hata nguo."

Nilizisikiliza siku nzima nikichagua. Niliogopa zenye vita, niliogopa zenye radi. Nilichagua ile ya siku ya mkusanyiko, akiwa kibandani, anapiga kelele na kuwaonyesha wateja picha, anacheka mpaka neno linakatika. Nikaituma. Tiki zikageuka bluu siku hiyohiyo, lakini halikuja neno.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, nikiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani. Lilikuwa la maandishi.

"Mama amesikia. Anakushukuru sana, Mungu akubariki. Amesema usitume ingine."

Sikutuma. Zimo zote kwenye simu yangu, na nimezinakili kwenye kompyuta ya nyumbani pia, kwa sababu simu hupotea. Mama hunikuta wakati mwingine nimekaa nazo, na vipokea sauti masikioni. Hupita polepole nyuma ya kiti, akaenda zake jikoni, akabandika maji ya chai.